Mama Kibona, Aliyerudisha Kombe

Tarehe 30 Septemba 2025 Muuguzi Mkunga Enesi Kibona anakabidhi funguo za kliniki ya mama na mtoto hapa Kituo cha Afya Isanzwa, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya utumishi wa umma. Ametimiza miaka sitini, na sheria ya kustaafu haibembelezwi. Jina la Enesi analitumia mhasibu tu. Sisi wengine, kuanzia mganga mfawidhi hadi mama anayetupikia uji, tunamwita Mama Kibona.

Katibu wetu wa afya, Ndugu Osea, ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha hafla. Aliniambia niandike ukurasa mmoja na nusu, niweke vichekesho, nisiguse mambo ya huzuni, kwa sababu wageni kutoka halmashauri watakuwepo na chakula kitakuwa mezani. Vichekesho vipo, Ndugu Osea, wala si vichache. Lakini ndani ya faili la Mama Kibona kuna barua ya onyo ya mwaka 2018 yenye jina lake peke yake, na ndiyo anayostaafu nayo. Ilitakiwa iwe na majina mawili. La pili ni langu, Fides Simfukwe, na nisipoliandika leo kabla hajaondoka najijua, sitaliandika tena.

Mama Kibona alizaliwa Itumba, wilayani Ileje, mtoto wa tatu kati ya wanane wa mkulima wa mahindi na maharage. Alimaliza chuo cha uuguzi mwaka 1989 na tarehe mosi Juni mwaka huohuo akaripoti kwenye zahanati moja ya milimani hukohuko Ileje, ambako gari lilikuwa linaishia njiani na sehemu iliyobaki unapanda kwa miguu na sanduku kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, viatu jozi moja, na saa ya mkononi aliyopewa na baba yake ili ahesabie mapigo ya moyo ya wagonjwa.

Huko ndiko alikopata somo lake la kwanza kuhusu zawadi. Zahanati ilipewa sukari ya kuwagawia akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito, robo kilo kwa kila mtoto. Mahudhurio yakapanda mpaka mizani ikawa haipumziki. Mama Kibona alifurahi kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu akapima mtoto mmoja mwenye kovu la moto kwenye goti, na baada ya nusu saa akalipima tena goti lilelile likiwa mgongoni kwa mama mwingine, na kabla ya saa sita likarudi mara ya tatu likiwa na bibi. Watoto walikuwa wanaazimwa. Kitongoji kizima kilikuwa na watoto wachache wanene waliokuwa wanapokezana migongo ili kila nyumba ipate sukari, na wale waliokonda hasa walikuwa wamebaki nyumbani, kwa sababu nesi angewagombeza mama zao mbele za watu.

Hakumfukuza mtu. Alipeleka mizani vitongojini, akapima mlango kwa mlango, na sukari akaipika uji kwa ajili ya waliokonda tu. Kisa hiki alikuwa anatusimulia mara kwa mara na kukicheka mpaka machozi yanamtoka, akiigiza yule bibi alivyokuwa anambembeleza mtoto asiye wake kwa jina lisilo lake. Kwa miaka saba iliyopita sijamsikia akikisimulia tena.

Mwaka 1997 alihamishiwa Nanyala, pale kwenye barabara kuu, akakaa miaka kumi na miwili. Wazee wa Nanyala bado wanamkumbuka kwa habari ya vyandarua. Vyandarua vya bure vilikuja, vikagawiwa, vikapigwa picha, na baada ya wiki mbili nusu yake vilikuwa vimefunika vitalu vya miche ya kahawa. Wakubwa walikuja kufoka. Mama Kibona alikaa kwenye kigoda cha mkulima mmoja na kumuuliza taratibu miche inapatwa na nini, akaambiwa kuku wanaichakura. Akaenda kumtafuta bwana shamba, wakafundisha watu kufunika vitalu kwa nyasi na fito, na vyandarua vikarudi vitandani. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi. Mtu akifanya jambo la ajabu, yeye alitaka kwanza kujua linamfaa nini mtu huyo.

Alihamia hapa Isanzwa, Tunduma, mwaka 2009. Mimi nilimkuta hapa mwaka 2013, nikiwa muuguzi msaidizi mwenye cheti kipya na kiburi kingi. Alinifundisha kumpokea mtoto bila kumpigia mama kelele. Alinifundisha kupasha mikono joto kabla ya kugusa tumbo la mjamzito, kwa sababu asubuhi za huku kwetu zina baridi na mkono wa baridi, alisema, ni tusi. Aliniombea ruhusa nikasome zaidi, na mwanangu wa pili alipozaliwa alimpokea mwenyewe, siku yake ya mapumziko, akiwa bado na gauni la kanisani. Nayaandika haya ili ijulikane nilimkosea mtu wa namna gani.

Mwaka 2015 ulikuja mradi mmoja ambao sasa umekwisha. Ulikuwa unalipa vituo kwa ufanisi: kila robo mwaka tunahesabiwa alama, na alama zinaleta fedha, nyingine za kukarabati wodi na nyingine za motisha kwa watumishi. Alama iliyokuwa na uzito kuliko zote ilikuwa ya wajawazito waliokuja kliniki na wenza wao na wote wawili wakapima virusi vya Ukimwi. Jambo lenyewe ni zuri. Mama Kibona alikuwa analililia hata kabla ya mradi, maana alikuwa amewaona wanawake wengi mno wanaopima peke yao, wakakutwa salama, na ugonjwa ukawafuata nyumbani kwao wakiwa wajawazito au wakinyonyesha.

Kwa hiyo aliweka utaratibu, na ubao wa utaratibu huo aliuandika kwa mkono wake. Mjamzito aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza. Asiye na mume anasubiri wenzake waishe, na analeta barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza mume yuko wapi. Aliamini kwamba foleni itawasukuma wanawake, na wanawake watawasukuma wanaume.

Sasa fikiria mji wetu ulivyo. Waume wa Tunduma wako barabarani kwenye malori, wako Zambia kwenye biashara, wako maegeshoni wanapakia mizigo, na wengine hawapo kabisa na hawajawahi kuwepo. Wanawake ndio wanaovuka mpaka asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na nyanya, na vitunguu, na nguo. Anayekaa kwenye benchi letu mpaka saa nane mchana ameipoteza siku nzima, na nyanya hazimsubiri mtu. Barua ya mwenyekiti nayo ina safari zake, mara yupo, mara hayupo, mara muhuri umefungiwa kabatini. Tuliwapa akina mama sababu nzuri sana ya kuwa na mume kwa saa moja tu.

Hapo getini kwetu palikuwa na dereva wa bodaboda anayeitwa Brayan, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu. Alianza kwa huruma, mama mmoja alimwomba aingie naye, akaingia. Wa pili alimnunulia soda. Baada ya hapo ikawa kazi, na wenzake wa kijiweni wakajiunga. Brayan ndiye alikuwa hodari wao. Alibadilisha jaketi, alibadilisha jina. Mwezi huu ni Danford, mwezi ujao ni Clement, na kila jina lilikuwa na umri wake na kazi yake. Nasikia walikuwa na zamu, na kwamba mama aliyekuwa na haraka zaidi alipewa mume mrefu, kwa imani kwamba manesi tunawaheshimu warefu.

Mimi ndiye niliyekuwa natoboa vidole na kuandika rejista. Mwanaume anayepima mara ya kwanza namjua. Anatazama ukutani, anauliza kama inauma, jasho linamtoka hata asubuhi ya Juni. Mwezi Machi mwaka 2016 aliingia mume mmoja na mke aliyekuwa akimwangalia kama mgeni. Kabla sijasema neno alinyoosha kidole cha pete, na nilipomaliza akachukua pamba mwenyewe, akabana, akaniuliza, “Sista, hivi vipimo si vya boksi jipya?” Nilimwangalia vizuri. Alikuwa Brayan wa getini, na wiki mbili nyuma alikuwa mume wa mwingine. Nilicheka moyoni, nikaandika jina alilonipa, nikaita wanaofuata.

Nilijiambia hakuna aliyeumia. Mama anawahi sokoni, Brayan anapata riziki yake, kituo kinapata alama, na kipimo kinaonyesha yuko salama, basi tatizo liko wapi? Kuanzia hapo niliwajua karibu wote. Motisha ya robo ile nilinunulia mabati. Nyumba ninayolala leo na wanangu imeezekwa kwa waume wa kukodi, na mvua ikinyesha nawasikia.

Desemba mwaka huo tulikuwa wa kwanza. Asilimia tisini na moja ya wajawazito wetu walikuwa wamepima na wenza, na hakuna kituo kilichotukaribia. Mama Kibona alipewa kombe kwenye mkutano wa watumishi, kombe la rangi ya dhahabu lenye mikono miwili, akalibeba kwenye mapaja ndani ya gari mpaka kituoni. Tulipiga picha. Aliliweka dirishani kliniki ili akina mama walione, akawaambia ni la kwao na waume zao. Benchi zima likapiga makofi, na nadhani ndani ya makofi yale kulikuwa na kicheko ambacho yeye hakukisikia.

Mwezi huohuo vitendanishi vilipungua. Mjamzito anatakiwa kurudia kipimo mimba inapokuwa kubwa, na sisi tulikuwa na vipimo visivyotosha nusu yao. Ilibidi kuchagua. Mama Kibona alichukua rejista, akaamua kwamba wanaorudia kwanza ni wale ambao waume zao hawajapima. Wale ambao mke na mume wamekutwa salama wote wangesubiri mzigo mpya. Ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili anayeamini karatasi iliyo mbele yake. Kabla hajausaini alinigeukia na kuniuliza, “Fides, hii rejista imekaa sawa?” Nikamjibu, “Imekaa sawa, Mama.”

Loisi alikuwa mmoja wa waliosubiri. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu. Wote mnamjua, ndiye mama kinara wetu, na kila Jumanne husimama mbele ya mabenchi kusimulia habari zake bila kuficha. Wakati ule alikuwa muuza nyanya wa mtaa wa Chapwa. Alianza kliniki Julai 2016 akiwa na mimba ya miezi mitatu, na alikuja na mume, mrefu, aliyenyoosha kidole cha pete. Wote wawili walikutwa salama. Mume wake hasa alikuwa ng'ambo ya mpaka, akirudi kila baada ya wiki kadhaa. Mzigo mpya wa vipimo ulichelewa, na Loisi akajifungua Januari bila kurudia. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na robo. Akamwita Ombeni.

Oktoba mwaka 2017 Loisi alirudi na Ombeni akiwa na miezi tisa na uzito wa mtoto wa miezi minne. Nimonia ilikuwa inampata mara kwa mara, mdomo umejaa utando mweupe, na alikuwa analia bila sauti. Mama Kibona alimpokea, akamfunua nguo. Kisha akaomba kadi ya mama. Kadi ilisema mama yuko salama, baba yuko salama. Alichukua damu ya mtoto kwenye kisigino, akampima mama siku hiyohiyo. Mama alikuwa na virusi, na majibu ya mtoto yalipokuja yalikuwa hivyohivyo.

Mama Kibona alimwambia Loisi amlete mumewe. Alikuja mwanaume mfupi mwenye mvi, amevua kofia mlangoni kwa adabu. Mama Kibona akatazama kadi iliyoandikwa dereva wa bodaboda wa miaka ishirini na tisa, akamtazama yule mzee, akatazama kadi tena. Loisi alipiga magoti sakafuni. “Mama, nisamehe,” alisema. “Huyu ndo mume wangu. Yule nilimkodi tu pale getini. Nilikuwa nawahi nyanya.”

Nilikuwa nimesimama nyuma na trei mkononi. Mama Kibona hakumgombeza. Alimnyanyua, akamketisha, akamwambia kosa si lake. Kisha akatoka nje, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilimwona ameketi kwenye benchi la wagonjwa, akiangalia ubao wa utaratibu aliouandika mwenyewe. Baadaye aliniambia kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amewajua watoto wa kuazima akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, na akashindwa kuwajua waume wa kukodi akiwa na mvi. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, mimi niliyewajua.

Alimwita Brayan. Hakuita polisi, alimpa kiti na chai, akamuuliza kama alivyomuuliza mkulima wa Nanyala: wanakutafutia nini? Brayan alimweleza yote, nyanya, foleni, barua, muhuri. “Mi nilijua nawasaidia, Mama,” alisema, na akalia kweli, mwanaume mzima na helmeti yake mapajani. Kwa muda wa wiki mbili tulipitia kadi na namba za simu, mama mmoja mmoja. Kati ya wenza mia mbili na kumi na wanne wa mwaka ule wa kombe, sitini na mmoja hawakuwa waume wa wanawake walioingia nao. Tuliwatafuta wanawake wote sitini na mmoja na kuwapima upya. Wawili zaidi walikutwa na virusi. Watoto wao walinusurika kwa sababu waliwahiwa, na hilo ni la kumshukuru Mungu.

Ombeni hakuwahiwa. Alianza dawa, akanenepa kidogo, tukaanza kutumaini. Alijifunza kusimama kwa kushika kitanda cha kupimia. Machi 2018 nimonia ilirudi na kumchukua kwa siku nne, akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mama Kibona ndiye aliyemfunga sanda. Mazishini Chapwa alisimama na wanawake wa ukoo, si na wafanyakazi wa kituo, na alilia kama walivyolia wao.

Kabla ya hapo alikuwa ameitisha kikao cha watumishi wa kliniki. Tulikuwa saba. Aliuliza swali moja: kuna aliyewahi kumwona mwanaume huyohuyo mara mbili? Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza kama kuna aliyeona miwani yake. Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Nilifikiria ajira yangu, nilifikiria watoto, nilifikiria nyumba iliyokuwa haijamaliziwa dari. Kila mmoja wetu alitazama meza. Mama Kibona akasubiri, akasema, “Basi ni langu,” akaandika maelezo, akasaini peke yake.

Alibeba kombe tena mapajani, safari hii kulirudisha. Mbele ya mkutano alisema takwimu za Isanzwa hazikuwa za kweli, utaratibu ulikuwa wake, na mtoto mmoja alikuwa hoi kwa sababu hiyo. Malipo ya kituo yalisimamishwa. Yeye alipata barua ya onyo, kupanda daraja kukasimama miaka mitatu, na nafasi ya masomo aliyokuwa ameisubiri akapewa mwingine. Hapa kituoni wapo waliomnunia kwa sababu motisha ilikatika, na wengine walisema mama huyu anajifanya mtakatifu. Nilikuwepo waliposema. Sikuongeza neno, wala sikuwanyamazisha.

Ni haki pia kuandika alichofanya baadaye, maana ndicho kitakachobaki. Alifuta ubao ule. Hakuna tena mwenye mume kutangulia, na barua ya mwenyekiti haidaiwi. Akina mama wa biashara wanafunguliwa kliniki saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili kwa wiki, na kabla ya saa mbili wako njiani kwenda sokoni. Wanaume tunawafuata sisi, Jumapili baada ya ibada na kule kwenye maegesho ya malori, na anayepima hapewi soda wala cheti. Kila mjamzito anarudia kipimo, hata kama mume wake ni mchungaji. Asilimia tisini na moja ilianguka mpaka ishirini na tatu, na Mama Kibona akaiandika ishirini na tatu ukutani kwa wino mwekundu, kubwa, mahali kombe lilipokuwa. Leo ni arobaini na nane. Kwa miaka sita sasa hakuna mtoto wa kliniki yetu aliyezaliwa salama akaja kuambukizwa bila sisi kujua.

Alimfundisha Loisi kazi. Loisi na mumewe wanatumia dawa, wana afya, na mwaka 2021 walipata binti asiye na virusi. Brayan ndiye anayebeba masanduku ya sampuli kwenda maabara, kwa pikipiki ileile, na hajawahi kuchelewa.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani ametandaza mkeka, anachambua maharage ya mbegu ya kwenda kupanda Itumba, mizigo imeshafungwa. Nilimwambia yote. Nilimwambia nilimjua Brayan, niliandika majina nikijua, nilimdanganya kuhusu rejista, na nilinyamaza kikaoni. Nilimwambia nimeshaandika maelezo yangu kwa mwajiri, yenye saini, na kwamba nitayaandika humu pia, watu wasome wakiwa wamekaa. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Moyoni, nakiri, nilikuwa nimejiandaa zaidi anisamehe.

Aliendelea kuchambua. Kisha akaniuliza nilimjua Brayan kuanzia mwezi gani. Nikasema Machi, Machi ya elfu mbili na kumi na sita. Mikono yake ikasimama juu ya mkeka. Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama tunavyohesabu tarehe za akina mama, na alipofika mwisho akasema, “Kumbe mtoto alikuwa hata hajatungwa mimba.”

Akarudi kwenye maharage. Nilikaa naye mpaka maharage yakaisha, tukafunga gunia, nikaondoka.

Mama Kibona, wafanyakazi wote wa Isanzwa wanakushukuru kwa miaka thelathini na sita ya mikono yenye joto, na akina mama wa Chapwa wameomba tuwaandike nao. Tunakuombea afya, mavuno mazuri na wajukuu wengi huko Itumba. Mimi sina haki ya kukuombea utulivu wa moyo, maana ni mimi niliyeuchukua. Nenda salama, Mama.